Mkanda wa Sindano

“Vua hicho kitu.”

Mshono hakuvua. Alikuwa amesimama katikati ya banda la mumewe, amejizungushia mkanda mpya wa ngozi kiunoni, anacheka peke yake.

“Kumbe umemaliza! Na asubuhi umeniapia kwamba ngozi haijapatikana. Wewe mwanamume una siri, wewe!”

“Nimesema vua. Gundi haijakauka.”

“Imekauka. Nimeigusa.”

“Basi vua tu, mke wangu. Nakuomba.”

Angekuwa mtu wa mashaka, sauti ile ingemshtua. Lakini Mshono hakuwa na mashaka na mumewe. Alishawahi kushuku maziwa ya dukani, alishawahi kushuku mizani ya muuza nyama, ila Soli hakuwahi kumshuku hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma mimi ninayesimulia.

Tuwajue kwanza. Soli alikuwa fundi viatu, banda lake la mabati limeegemea ukuta wa hospitali, karibu na lango wanalopitia wauguzi. Mkewe alikuwa fundi wa nguo ndani ya hospitali hiyohiyo. Wauguzi ndio waliompa jina la Mshono, likamganda hadi nyumbani. Kazi yake haikuwa ya kukaa kwenye kiti. Chandarua kikichanika juu ya mgonjwa asiyeweza kusogezwa, alikishona palepale, juu ya kichwa cha mgonjwa. Pazia la kati ya vitanda, mkanda wa machela, kifungo cha daktari anayekimbilia upasuaji, vyote vilimkuta amesimama, amepiga magoti au amepanda kigoda. Sindano alizibeba kama mafundi wengi wanavyozibeba, nyingine kwenye kola, nyingine mdomoni.

Mpaka siku sindano ilipopatikana kwenye godoro la mzee mmoja aliyelazwa. Ilimwingia ubavuni alipojigeuza. Metroni, mkubwa wa wauguzi, akawasimamisha mafundi wake wawili, Mshono na mdogo wake, akauliza ni ya nani.

“Ni yangu,” alisema Mshono.

Haikuwa yake. Ilikuwa ya mdogo wake, Kitinda, mziwanda wa nyumba yao, ambaye Mshono alimlea tangu mama yao alipofariki, akamfundisha kushika uzi, kisha akamwombea kazi. Kitinda alikuwa bado kwenye majaribio. Angesema ukweli angefukuzwa siku ileile, basi mkubwa akaubeba mzigo wa mdogo.

“Hili ni onyo lako la mwisho,” Metroni alimwambia. “Na nyie wote wawili, Ijumaa mchana nakuja kuwakagua. Asiye na kitu cha kubebea sindano mwilini, tena kinachofungika, haingii tena wodini kwangu. Sitaki kuona sindano kwenye kola. Sitaki kuona sindano mdomoni.”

Sasa ndiyo ilikuwa Ijumaa yenyewe, na mchana ulikuwa umeshaanza.

Mkanda huo waliupanga pamoja, yeye na mumewe, jioni baada ya jioni kwenye meza ya kulia, wakichora juu ya kipande cha boksi la viatu.

“Niambie, ukishona unakuwaje?” Soli alimuuliza, penseli sikioni.

“Nakuwa nimepiga magoti. Mkono wa kushoto umeshika pazia, wa kulia unatafuta mkasi. Na mkasi siku zote uko chini ya kitanda.”

“Basi mkasi ukae kulia, ndani ya mfuko wa ngozi ngumu, tena na kamba. Ukikuponyoka unaning'inia, haumwangukii mgonjwa.”

“Na sindano?”

“Kitambaa kizito cha kuzichomeka, halafu kifuniko juu yake kinachobana. Pembeni tunaweka sumaku ya pini.”

“Na uzi?”

“Uzi na tundu lake. Unauvuta, unakuja wenyewe.”

“Wewe ungekuwa daktari ungepasua watu vizuri sana.”

“Mimi napasua ng'ombe waliokwisha kufa. Hawalalamiki.”

Mshono alicheka hadi akafuta machozi. Tangu mimba yake ilipotoka mwaka uliopita, kicheko cha namna hiyo kilikuwa kimehama kwenye nyumba yao. Jioni ile alilala akiamini kwamba ndoa yake imepona.

Ndiyo maana sasa, bandani, hakuvua. Alitaka kuuonja mkanda wake. Akaubana kwa viwiko, akainama kidogo, mkono wa kushoto ukaenda hewani kana kwamba umeshika pazia, wa kulia ukashuka kiunoni kutafuta mkasi. Ukagusa sumaku. Akapapasa tena. Mkasi ulikuwa upande wa pili.

“Soli, mfuko wa mkasi uko kushoto.”

“Si ndiyo maana nakwambia vua? Niliharibu. Nilichora upande wa nyuma wa ngozi, nilipokata ikatoka imegeuka.”

Ni kweli hutokea. Ngozi ikilazwa kifudifudi, kulia huwa kushoto, na fundi aliyechoka hushtuka kisu kimeshapita. Mshono mwenyewe alishawahi kukata mikono miwili ya shati, yote ya upande mmoja. Angeamini na maneno yangeishia hapo. Lakini alipojaribu kuufunga, ncha za mkanda hazikukutana. Zilibaki zimeachana kiasi cha kiganja kizima.

“Na kiuno nacho kimegeuka?”

“Ngozi ilikuwa fupi.”

“Fupi wapi? Ncha umeikata duara, ukaipiga msasa, ukaipaka rangi. Hukuishiwa ngozi, Soli. Uliishia ulipotaka kuishia.”

Soli aliweka kopo la gundi mezani, akalisogeza, akalirudisha lilipokuwa.

“Mtu anayetumia mkono wa kushoto, mwenye kiuno chembamba hivi, ninamjua mmoja tu,” Mshono alisema. “Nilimfundisha kushona mimi mwenyewe, na nilipata tabu, maana kila kitu ilibidi nimwonyeshe kinyume.”

“Mshono...”

“Huu mkanda ni wa Kitinda.”

“Ndiyo,” alisema mumewe. “Ni wa Kitinda.”

“Niliyekaa na wewe mezani ni mimi. Tundu la uzi nililiomba mimi. Sasa Kitinda ameingiaje humu?”

Mwanamume akibanwa hivyo huwa na njia mbili, kusema kweli au kusema jambo linalofanana na kweli. Soli alichagua ya pili, na aliichagua vizuri.

“Kaa chini nikwambie. Ile sindano ya yule mzee ilikuwa ya nani?”

“Unajua ilikuwa ya nani.”

“Na Kitinda akiangusha nyingine kesho, nani atasema ni yangu? Si wewe? Nakujua. Utasimama tena mbele ya Metroni, na safari hii utatoka bila kitambulisho chako cha kazi. Ngozi nzuri niliyopata ilitosha mkanda mmoja. Nikajiuliza nimshonee anayeshika sindano vizuri, au yule anayeziangusha? Nikaona nikimfunga yeye, nimekukinga wewe.”

Mshono alikaa kwenye kigoda cha wateja. Hasira ilikuwa imemwisha.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ungekataa. Ungesema Kitinda ashone wake mwenyewe.”

“Ningesema hivyo kweli.” Akajifuta pua kwa kiganja. “Na mimi leo navaa nini?”

“Wewe Metroni anakujua. Mwombe akusubiri mpaka Jumatatu. Wako nitaumaliza Jumapili, nife nisife.”

“Kiuno chake ulikipima lini?”

“Nilikadiria tu.”

“Wewe unakadiria miguu, bwana. Viuno umeanza lini?” Alisema hivyo huku anatabasamu. Alikuwa ameshamsamehe. Zaidi ya hapo, alikuwa anajiona mbaya kwa kumshuku. “Haya, nipe nimpelekee. Saa zinakimbia.”

“Hapana, acha. Nitampelekea mwenyewe.”

“Uingie chumba cha mashuka na hiyo gundi viatuni? Metroni atakutoa kwa fagio.”

“Mshono, acha nimpelekee!”

“Hee! Kwani ni pete ya uchumba?”

Akakunja mkanda, akautia kwapani, akatoka. Soli alibaki mlangoni na mkono umenyooka kuelekea mahali mkewe alipokuwa. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu.

Chumba cha mashuka kilikuwa nyuma ya wodi ya wanaume, dirisha moja la juu, rafu tatu za mashuka yanayongoja viraka, mashine moja ya kushonea, meza ya pasi. Kulikuwa na joto na harufu ya sabuni ya dawa. Kitinda alikuwa anapiga pasi foronya, simu yake pembeni ya meza imeshatetemeka mara mbili hajaipokea.

“Dada, mbona umechelewa? Metroni ameshaanza na wodi ya watoto. Akitoka huko anakuja kwetu. Mimi hata sijui nitamwambia nini.”

“Simama hapa.”

“Nini?”

“Simama, inua mikono. Shemeji yako amekushonea kitu.”

Kitinda aliuona mkanda, na rangi ikamtoka. Mshono hakumwangalia usoni, alikuwa ameshapiga magoti mbele yake kama alivyofanya maelfu ya mara kwa watu wengine, macho kwenye kiuno, kucha zikinyoosha ngozi. Alipitisha mkanda nyuma, akaurudisha mbele, akafunga.

“Tazama ulivyokaa,” alisema. “Mtu amekadiria kwa macho tu, tazama ulivyokaa! Jaribu kutoa mkasi.”

Mkono wa kushoto wa Kitinda ukashuka, ukatoka na mkasi bila kutafuta.

“Sindano?”

“Hizi hapa.”

“Funika. Vizuri. Sasa Metroni akija...”

Kidole chake Mshono kilikuwa kinapita kwenye matundu ya kufungia. Fundi akimshonea mtu mkanda hutoboa tundu la kumtosha, moja la ndani yake la siku za njaa, na moja la nje la siku za kushiba. Huu haukuwa na la siku za njaa. Ulifungwa tundu la kwanza kabisa, na baada ya hapo matundu yalipangana kuelekea nje, moja baada ya jingine, hadi karibu na ncha. Huko nje, palipo na matundu hayo, ngozi ilikuwa imeshonewa kitambaa laini kwa ndani.

Mshono alizijua nguo za namna hiyo. Sare za wauguzi wote wajawazito wa hospitali ile zilipita mikononi mwake. Yeye ndiye aliyewaachia nafasi mbele, yeye ndiye aliyeweka kitambaa laini mahali tumbo litakapokuja kugusa.

“Kitinda.”

“Abee, Dada.”

“Huyu aliyekushonea anategemea utanenepa?”

“Sijui.”

“Nitazame.”

Kitinda hakumtazama. Mkono wake ulikuwa umeshuka wenyewe, umefunika tumbo.

Kwenye meza ya pasi simu ikatetemeka tena. Ilikuwa karibu zaidi na Mshono. Ujumbe ulifunguka juu ya kioo, na namba iliyouleta aliijua kwa moyo, kwa sababu ndiyo namba aliyoipiga kila mchana kuuliza kama mtu amekula.

“Mbona hupokei? Anakuja na mkanda. Usiuvae mbele yake, mpenzi. Sema utauvaa ukifika wodini. Ataona matundu.”

Mshono aliusoma mara moja tu. Pasi ilikuwa imelazwa juu ya foronya, moshi mwembamba ukaanza kupanda. Aliinyanyua, akaisimamisha, akachomoa waya ukutani. Mikono yake ilikuwa imetulia kuliko uso wake.

“Ni mimba?”

“Dada, nisamehe.”

“Nimekuuliza.”

“Ndiyo.”

“Ya mume wangu?”

Kitinda alianza kulia. Kwa wengine hilo lingetosha kuwa jibu, lakini Mshono alimshika kidevu, akamwinua uso.

“Nataka nisikie kwa mdomo wako. Nimekulisha kwa kijiko mdomo huo. Ya mume wangu?”

“Ndiyo, Dada.”

“Tangu lini?”

“Alisema atakuambia yeye mwenyewe.”

“Tangu lini, Kitinda?”

“Ulipolazwa. Mimba yako ilipotoka. Ulinituma nikampikie.”

Mshono alikaa juu ya rundo la mashuka. Nisiwafiche, kuna maumivu ambayo mtu huyapokea kama mzigo uliokosea nyumba, anakaa kwanza akingoja mwenyewe aje kuyachukua. Aliikumbuka siku ile. Alikuwa kitandani, wodi ya tatu kutoka hapo, damu haijakata, na wasiwasi wake mkubwa ulikuwa kwamba Soli atalala njaa. Alimpa Kitinda ufunguo kwa mkono wake.

“Alikuwa analia,” Kitinda alisema. “Alikuwa analia kwa ajili ya mtoto wenu. Mimi nilimbembeleza tu. Sikukusudia, haki ya Mungu. Kisha ikawa... ikawa hivyo.”

“Na siku ya sindano?”

“Nini?”

“Hujawahi kuangusha sindano tangu nikufundishe. Siku ile ilikuwaje?”

Kitinda alijifuta macho kwa mkono wa gauni. “Nilipata kizunguzungu. Nilikuwa nashona chandarua cha yule mzee, macho yakafunga giza. Nilipofumbua, sindano sikuiona. Ndipo nilipojua nina mimba.”

“Kwa hiyo niliposimama mbele ya Metroni nikasema ni yangu...”

“Dada, basi!”

“...nilikuwa naibebea mimba ya mume wangu.”

Simu ikaita. Namba ileile. Kitinda alinyoosha mkono, Mshono akaiwahi, akaiweka sikioni bila kusema neno.

“Umeipata meseji?” Sauti ya Soli ilikuwa ya kunong'ona, tena laini, laini kuliko aliyoitumia nyumbani. “Halo? Usiogope, nimeshamtuliza. Ameamini yote. Halo?”

“Nimeipata,” alisema Mshono.

Upande wa pili nyundo ya mtu mwingine ilisikika ikigonga kwa mbali.

“Mshono...”

“Njoo. Na gundi yako viatuni, njoo hivyohivyo.”

Alikuja mbio, aproni bado kifuani, akasimama mlangoni. Aliwatazama, mmoja amekaa juu ya mashuka, mwingine amesimama na mkanda kiunoni. Akajua hakuna tena la kuficha, na mtu akifika hapo huanza kusema yale ambayo angeyasema mapema yangemwokoa.

“Nilitaka kukwambia.”

“Lini?”

“Akishapata kazi ya kudumu.”

“Aha. Nimtafutie kazi, nimlindie kazi, akishatulia ndipo mnijulishe.”

“Siyo hivyo. Mshono, mimi nakupenda. Zile jioni mezani hazikuwa uongo. Ule mkanda tuliupanga mimi na wewe, na nilitaka kukushonea wewe. Nilishaikunjua ngozi. Nilishashika kisu.”

“Kisha?”

“Ikawa inatosha mmoja.”

“Ukachagua.”

“Yeye ana mtoto tumboni! Akifukuzwa atakula nini?”

“Mtoto ndiye aliyeshika kisu?”

Kitinda akaanza kufungua mkanda.

“Uvae wewe, Dada. Uvae wewe, Metroni anakuja. Nitamwambia ukweli, nitamwambia na sindano ilikuwa yangu. Kazi ni yako.”

“Acha kufungua.”

“Dada, nakuomba...”

“Nimesema acha. Haunifungi, na hata ungenifunga, mkono wangu hauko huko.” Mshono alisimama, akamsogelea, akaubana tena ule mkanda kama ulivyokuwa. Walikuwa karibu sana, hata pumzi zilichanganyika. “Kwani ulifikiri nitakuua? Ningekuwa wa kukuua ningekuacha ulipokuwa na surua, usiku mzima nakupepea kwa kifuniko cha sufuria.”

“Nipige basi! Sema kitu kibaya!”

“Sina nguvu ya kukupiga. Nikiipata nitakuja.”

“Mke wangu,” Soli akaingilia, sauti imepasuka, “twende nyumbani tuongee. Nyumba haijengwi wala kubomolewa kwenye chumba cha mashuka. Twende. Jioni hii nakaa, nakukatia wako, hata nikipasua makochi ya watu nipate ngozi.”

“Bado unafikiri tunaongelea mkanda.”

“Basi niambie nifanye nini!”

“Ungelala na mwanamke wa mtaani ningelia, ningevunja sahani, labda ningekaa. Umeniachia wapi pa kukimbilia, Soli? Mume akimkosea mtu, mtu hukimbilia kwa ndugu yake. Ndugu yangu ni huyu. Sina mwingine. Mliponikosea mlinikosea wote kwa pamoja, leo nikilia nitalilia begani mwa nani?”

Hapo ndipo machozi yalipomtoka, na Soli, kwa mazoea tu, akapiga hatua amkumbatie. Mshono akanyanyua kiganja. Soli akabaki amesimama pale alipofika, mikono haijui pa kwenda.

Viatu vya Metroni vilisikika kwenye ukumbi. Kila mtu hospitalini alivijua, soli zake zilibadilishwa bandani kwa Soli kila zikiisha. Mshono akajifuta uso kwa kona ya shuka. Kitinda akasimama wima. Soli akajibanza nyuma ya mlango.

Metroni aliingia na miwani yake puani, mwanamke mfupi, mnene, asiyependa salamu ndefu.

“Haya. Nionyesheni.” Akamzunguka Kitinda, akavuta kamba ya mkasi, akafungua kifuniko cha sindano, akakifunga. “Hiki ndicho nilichotaka. Hiki hasa! Hata wauguzi wangu nitawashoneshea. Nani amepanga kitu hiki?”

Kitinda akainamisha kichwa.

“Nauliza, nani ameupanga?”

“Ni kazi ya fundi viatu,” alisema Mshono. “Amempima vizuri.”

“Na wako?”

“Sina.”

Metroni alishusha miwani. Alimpenda Mshono, kila mtu alijua, lakini pia kila mtu alijua kwamba neno lake halirudi. “Mshono, wewe ndiwe niliyekupa onyo. Ni wewe! Mdogo wako ambaye hana kosa amekuja na mkanda, wewe mwenye kosa umekuja mikono mitupu?”

“Metroni, ile sindano...” Kitinda alianza.

“Ilikuwa yangu,” Mshono akamkata. “Nilishasema.”

Sijui kwa nini alisema vile. Wengine watasema ni upendo, wengine watasema ni ujinga. Mimi nadhani hakutaka kuwadai chochote wale wawili, hata ukweli.

“Basi wodini huingii tena,” Metroni alisema, na sauti yake ilipungua ukali. “Sheria ni sheria. Nikikusamehe wewe nitamzuia nani? Ila sikutupi. Kaa humu kwenye mashine, ushone mashuka. Mdogo wako atazunguka wodini, akiwa na swali atakuja kukuuliza.”

“Asante, Metroni. Humu ni padogo.”

“Una maana gani?”

“Naacha kazi.”

Alifungua vifungo vya koti lake la kazi kimoja kimoja, akalikunja kwa mikunjo ya kwenye rafu, akaliweka juu ya mashuka yasiyo na viraka. Kitambulisho akakiweka juu yake. Kitinda alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Metroni aliwatazama dada wawili, akaona kwamba kuna jambo, akageuka kumtafuta wa kumuuliza. Ndipo alipomwona mwanamume nyuma ya mlango, na nyayo za gundi kwenye sakafu yake safi.

“Na wewe fundi viatu, unatafuta nini kwenye mashuka yangu?”

“Nimekuja...” Soli alificha mguu mmoja nyuma ya mwingine. “Nimekuja kwa mke wangu.”

“Wanawake humu ni wawili. Mkeo ni yupi?”

Soli alimtazama Mshono. Akamtazama Kitinda. Metroni alisubiri, mikono kiunoni.

Mshono alikuwa ameshachukua mkoba wake. Alipofika mlangoni alisimama, akamjibu Metroni kwa adabu, kama anavyojibiwa mkubwa wa kazi.

“Ni huyo aliyevaa mkanda, Metroni. Mimi ni shemeji yake tu.”